Nijenge kijijini kwetu milimani Lushoto au nitakuwa nazika hela?

SWALI: "Habari mtaalamu. Nina miaka 47, naishi Dar, kazi yangu ni ufundi umeme. Kwetu ni Lushoto, juu kabisa upande wa Mtae. Mzee alifariki 2019 akaacha shamba kama ekari mbili na nusu, kuna migomba, kahawa za zamani na mikaratusi upande wa chini karibu na kijito. Tupo watoto sita, wanaume wanne na dada zetu wawili, wenzangu wote wako mjini na hawana mpango wa kurudi. Sasa jirani anauza nusu ekari ukingoni kabisa mwa mlima, ukisimama pale unaona tambarare yote mpaka Mkomazi. Anataka mil 9. Nina akiba ya mil 45, nawaza ninunue pale nijenge nyumba ya vyumba vinne na pembeni vyumba vitatu vya watalii, nikistaafu nahamia. Mwenyekiti wa kijiji kasema muhuri sio shida. Mke wangu anasema naenda kuzika hela mlimani na hakuna atakayekuja kununua hiyo nyumba. Si wanasema ardhi haishuki bei? Na je nikipata hati naweza kukopea benki?"

JIBU:

Kaka pole na msiba wa mzee, na asante kwa kueleza vizuri, wengi huwa wananitumia "nina shamba kijijini je nijenge" basi wanasubiri jibu. Mimi ni mthamini wa ardhi na majengo, na maswali ya aina hii yanakuja sana mwezi wa kwanza, watu wakishatoka kula sikukuu kwao wameona mandhari wamepata na wazo. Nikujibu kwanza kwa kifupi halafu tuingie ndani. Kwenu rudi, na jenga. Ila usijenge pale ukingoni, usinunue chochote mwaka huu kabla hamjamaliza mirathi ya mzee, na hiyo mil 45 usiipandishe yote mlimani. Shemeji yuko sahihi kwenye swala la kuuza, hayuko sahihi kwamba kila hela inayoingia kijijini imezikwa, na nadhani mnabishana kwa sababu umechanganya vitu viwili kwenye plan moja, nyumba ya kuishi uzeeni na biashara. Vikichanganywa kila kimoja kinaharibu hesabu za mwenzake.

Tuanze na hii kauli ya ardhi haishuki bei. Hii inasemwa na madalali wa Dar na imetokana na Dar, Kigamboni sijui Bunju, sehemu ambazo kila mwaka watu wapya wanaingia wakitafuta pa kukaa. Sisi wathamini tukitaka kujua thamani ya eneo tunachofanya kikubwa ni kuangalia maeneo yanayofanana yaliuzwa kwa shilingi ngapi, nani alinunua na kwanini muuzaji aliuza. Sasa nenda kafanye hilo zoezi kule kwenu. Utakuta wanaouza ni mtu mwenye mgonjwa, mwenye ada ya mtoto, mwenye kesi, na wanaonunua ni jirani yake au mtoto wa baba mdogo. Soko ni watu wachache wanaojuana, bei inapangwa na shida ya muuzaji na mfuko wa huyo jirani, kwahiyo hata ikipanda inapanda kwa kadiri mfuko wa wanakijiji unavyopanda. Mil 9 kwa nusu ekari maana yake ekari ni mil 18. Uliza kimyakimya ekari ya bondeni kule chini, ile yenye maji ya kumwagilia kabichi na karoti mwaka mzima, inaenda kwa ngapi. Huko Usambara bonde ndo lina pesa, Fuso inapakia gunia inashusha Dar, na ukingo wa mlima ulikuwa haugombewi mpaka watu wa mjini walipoanza kupiga nao picha. Kama bondeni ni rahisi kuliko ukingoni basi ujue hiyo bei imetajwa kwa ajili yako wewe, mtu uliyeshuka kwenye gari.

Mandhari yana bei, sikatai, ila yana bei kwa mtu wa nje tu, na mtu wa nje kabla hajaangalia mandhari anaangalia barabara. Lami ya kutoka Mombo inapanda kilomita kama 33 mpaka Lushoto mjini, na ndo maana hoteli na nyumba za mapumziko nyingi zimekaa pale mjini, Irente, Magamba na Soni njiani. Kutoka mjini mpaka kwenu ni masaa mengine ya kona na vumbi, na masika unajua mwenyewe inavyokuwa. Mgeni wa Dar mwenye hela ya kununua nyumba ya mapumziko atachagua Irente anaona tambarare ileile na gari yake ndogo inafika. Siku barabara ya kwenu ikitengenezwa hesabu zitabadilika, na kubadilika kwenyewe kutakuwa kwa ghafla, lakini hiyo ni kamari na tarehe yake huijui, na mtu wa miaka 47 asicheze kamari na akiba yake yote.

Halafu nyumba yenyewe. Watu wanadhani ukitumia mil 60 kujenga basi una kitu cha mil 60. Hapana. Kugharimu ni kitu kimoja na kuuzika ni kitu kingine, mwanakijiji mwenye mil 60 hanunui nyumba yako, anajenga yake kwenye shamba la babu yake ambalo halimgharimu chochote, na mtu wa nje akija akaona makaburi ya ukoo nyuma ya jiko anageuza gari. (Hilo la makaburi watu wanalichukulia poa ila kwenye kazi yangu nimeona maeneo mazuri kabisa yanakaa miaka bila mteja kwa sababu hiyo tu, kwahiyo kama mzee amezikwa shambani basi lile shamba hesabu ni la ukoo milele, na sio jambo baya, ila usiliweke kwenye mahesabu ya mtaji.) Hapo shemeji ana haki asilimia mia.

Sasa hapa naomba usome taratibu, maana ndo pana hatari kubwa kuliko zote na wewe umepapita kwa mstari mmoja. Umesema wenzako hawana mpango wa kurudi. Kutorudi sio kusamehe fungu. Hujasema kama mama yupo, hujasema kama msimamizi wa mirathi aliteuliwa, na tangu 2019 nahisi hakuna kilichofanyika zaidi ya kikao cha arobaini. Mpaka leo lile shamba ni la marehemu. Tuseme familia ni ya Kiislamu kama nyingi za huko, mama akiwepo anachukua moja ya nane yake kwanza, kinachobaki kila mwanaume anapata mara mbili ya dada yake, kwenu ni mafungu kumi, wewe mawili. Piga hesabu ya ekari mbili na nusu, bila mama fungu lako ni nusu ekari kamili, mama akiwepo ni chini kidogo ya hapo. Mkigawana sawa kwa sawa ndo kabisa, haifiki hata nusu. Kwahiyo unaposema "tuna shamba" wewe kama wewe una kieneo kinacholingana na kile cha jirani. Sasa mtu anajenga nyumba ya mamilioni katikati ya ekari mbili na nusu akidhani ndugu hawana shida, ndugu kweli hawana shida, mpaka mmoja anafariki watoto wake wanakuja wanasema "baba mdogo, tunaomba fungu la baba", na hao watoto hawakuwepo kwenye makubaliano yenu ya mdomo. Kesi za hivi zimejaa kwenye mabaraza ya ardhi.

Dawa yake haina gharama kubwa. Mnakaa kikao cha familia, mnaandika muhtasari mnasaini wote, mnapendekeza msimamizi, mnaenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Msimamizi akishateuliwa anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke mahakamani orodha ya mali na baadae hesabu ya mgao, na hapa ndo wengi wanaishia njiani, wanapata barua ya usimamizi wanaifungia kabatini. Fungeni mirathi kabisa. Kama ndugu zako kweli wanakuachia sehemu zao basi iandikwe kwenye mgao, wewe uwalipe hata kidogo kidogo, na dada zako wasirukwe kwa kisingizio eti wameolewa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki sawasawa na mwanaume na hilo huwezi kulipindisha kwa kikao cha wajomba. Kwa maoni yangu kununua mafungu ya ndugu wawili ni matumizi mazuri ya hela kuliko huo ukingo, unapata ardhi unayoijua mipaka, na udugu unabaki.

Twende kwa mwenyekiti na muhuri wake. Simtilii shaka kama mtu, ila muhuri wa mwenyekiti peke yake hauhamishi ardhi ya kijiji. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, ambayo kisheria ina wajumbe kati ya 15 na 25, kwa niaba ya wanakijiji wote, na halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Jirani akikuuzia haki yake ya kimila, mauzo hayo yanatakiwa yapitishwe na halmashauri ya kijiji, na msimamo wa Mahakama ya Rufani tangu mwaka 1985 ni kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila kibali cha halmashauri ya kijiji ni batili, yaani ni kama hayajafanyika, umejenga usijenge. Kwahiyo usitake karatasi yenye muhuri, taka muhtasari wa kikao chenye akidi, majina na sahihi za wajumbe, umeandikwa jina lako, jina la muuzaji, mipaka yote minne na majirani waliosimama kwenye hiyo mipaka. Mke wa muuzaji asaini, na kama ana wawili wote wasaini. Na uulize hilo eneo alilipataje, maana na yeye inawezekana ni mirathi ambayo haijafungwa, milimani kule ni ugonjwa wa kila nyumba. Utasikia pia habari ya asilimia kumi ya kijiji. Hiyo asilimia haimo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kama kuna ada halali ya halmashauri utapewa kumbukumbu namba ya malipo na risiti, ukiambiwa weka mkononi basi ujue hiyo ni yao wenyewe.

Hati. Kwa ardhi ya kijiji unachopata ni hatimiliki ya kimila, ina nguvu sawa kisheria na ile hati ya mjini na kwa mwanakijiji haina ukomo wa miaka. Ulizia kwa mtendaji kama kijiji chenu kina cheti cha ardhi ya kijiji, kina mpango wa matumizi ya ardhi na masjala ya ardhi, kama hivyo vitatu vipo hatimiliki ya kimila haisumbui sana, kama havipo jipange kusubiri. Kuhusu kukopea, sheria inaruhusu kuiweka rehani, lakini jiweke kwenye kiti cha afisa mikopo, ukishindwa kulipa atamuuzia nani? Anunue mtu wa nje mpaka kijiji kiridhie, na wanakijiji hawatanunua nyumba ya mwenzao iliyopigwa mnada na benki, wengine hata kupita karibu siku ya mnada hawatapita. Ndo maana benki nyingi zinasita au zinakupa kiasi kidogo mno. Futa mkopo kwenye plan yako, na kiukweli ni heri yako.

Haya, ukingo. Hapa nitakaa kidogo maana ramani ya nyumba mtu anaweza kuchora popote ila udongo hauchagui mtu. Milima ya Usambara ni mwamba wa zamani ulionyanyuliwa na pembezoni umekatika, ndo maana kingo zake ziko wima vile, na juu ya mwamba kuna udongo mwekundu mzito. Udongo ule ukiwa mkavu unashika vizuri sana, unachimba shimo la choo kuta zinasimama zenyewe. Ukilowa siku nyingi mfululizo vinatokea vitu viwili kwa pamoja, unakuwa mzito zaidi na unapoteza kule kushikana, na chini yake kuna mwamba mteremko unaoteleza. Wewe juu yake umeongeza nyumba, simtank imejaa, na karo la maji machafu ambalo linanyonyea chini ya ardhi mwaka mzima hata kiangazi. Maporomoko yaliyoua watu Same huko upareni mwaka 2009 na yale ya Hanang Desemba 2023 yalitokea baada ya mvua kubwa, na waliokuwa chini ya mlima ndo walioumia zaidi, kwahiyo usifikirie usalama wako tu, angalia na nani anaishi chini ya huo ukingo.

Hata bila maporomoko kuna tatizo dogo la kila siku ambalo mafundi wa mjini wakipelekwa milimani wanalifanya karibu wote. Kiwanja kina mteremko, fundi anachimba upande wa juu, udongo anausukuma upande wa chini, anapata pa bapa, anapiga msingi. Sasa nusu ya nyumba imekaa kwenye udongo wa asili na nusu imekaa kwenye kifusi. Kifusi kinashuka, hata ukishindilie vipi kitashuka kidogo masika ya kwanza na kidogo masika ya pili, na ule wa asili haushuki, kwahiyo nyumba inajivunja katikati. Utaona ufa unaanzia kwenye pembe ya dirisha unapanda kwa ngazi ngazi kufuata tofali mpaka kwenye lenta, mlango wa chumbani unaanza kugoma kufunga, unamwita fundi anaziba na plasta, mwaka unaofata umerudi palepale. Tiba ni msingi wote ukae kwenye udongo wa asili, nyumba ndogo ndefu inayofuata kontua (mstari wa usawa unaokata mteremko) badala ya nyumba pana ya mraba, ukuta wa mawe wa kuzuia udongo wenye matundu ya kutolea maji, na mfereji upande wa juu wa nyumba. Na maji ya bati lako yaende kwenye tenki au kwenye mfereji uliokubaliwa, ukiyaachia yashuke shambani kwa jirani masika moja yanamchimbia korongo na hapo umeshapata adui kabla hujahamia. Watu wa Usambara hawana utani na mmomonyoko. Mwingereza miaka ya 50 alikuja na mpango wa kuwalazimisha matuta wakamgomea, baadae miaka ya 80 wakaja watu na majani ya malisho yanayoitwa guatemala kupanda kwenye kontua yakakubalika, na mpaka leo utayaona kwenye mashamba ya watu makini. Yapande na wewe juu na chini ya nyumba, ng'ombe wa jirani watakushukuru.

Kingine cha ukingoni ni upepo. Upepo unaotoka nyika ukigonga ule ukuta wa mlima unapanda juu kwa kasi na wa kwanza kukutana nae ni bati lako, unaingia chini ya kenchi unanyanyua. Na Sheria ya Ardhi inatambua kitu kinaitwa ardhi hatarishi, ikiwemo miteremko mikali, kwahiyo hata huo uzuri wa kupata hati pale usiuhesabu umeshapata. Shamba la mzee, kama nimekuelewa, liko mgongoni ndani zaidi. Wazee walijenga migongoni wakalima mabondeni, walikuwa wanajua sababu. Angalia tu ile mikaratusi karibu na kijito: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwahiyo sehemu ile ya chini usiiweke kwenye ramani ya nyumba wala choo, na mikaratusi yenyewe kadiri unavyoiondoa pale ukaweka miti ya asili ndivyo kijito kitakavyokushukuru kiangazi. Na kama shamba linagusa barabara ya mkoa, kumbuka hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kuanzia katikati, ukijenga ndani ya hapo siku ya kupigwa X ya kubomoa hulipwi.

Vyumba vya watalii. Wazo sio baya, ila angalia mgeni wa kule ni wa aina gani. Wengi wanakuja kwa miguu na muongozaji kutoka Lushoto mjini, wanalala njiani, wengi Rangwi kwa masista, wanafika Mtae wanalala usiku mmoja wanaangalia jua linazama wanaondoka. Usiku mmoja. Na wanakuja zaidi miezi ya kiangazi, kuanzia wa sita mpaka wa kumi na mwisho wa mwaka, masika utakaa unawaangalia kuku. Anayeamua wageni walale wapi ni muongozaji, sio wewe, kwahiyo kabla ya kujenga chumba hata kimoja nenda kaongee na waongozaji mjini Lushoto uwaulize wanawalaza wapi, wanalipa shilingi ngapi, wageni wanalalamikia nini. Watakuambia choo, maji ya moto na blanketi, mimi nakuhakikishia, maana mwezi wa saba usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10 na mzungu aliyetembea siku nzima akioga maji ya kijito harudi na haleti mwenzake. Kuna leseni za malazi na tozo za halmashauri pia. Na mtu wa kusimamia awe nani wakati wewe uko Dar mpaka ustaafu? Hapo ndo biashara nyingi za hivi zinafia, mjomba anakuambia mwezi huu hakuna wageni na wewe unaona picha za wageni instagramu wako kwenye kibaraza chako. Anza na chumba kimoja au viwili vilivyoungana na nyumba yako, ukiwa tayari unaishi pale.

Maisha yenyewe ya kule unayajua kuliko mimi ila ulitoka kijana, unarudi mzee. Hospitali ya wilaya iko Lushoto mjini, presha ikipanda saa nane usiku mwezi wa nne nani ana gari na barabara inapitika? Hili nadhani ndo linamsumbua shemeji kuliko hela, muulize. Yeye kwao ni wapi, kule ana marafiki gani, atafanya nini siku nzima ukungu umefunga mpaka saa sita? Mwanamke akipelekwa ukweni uzeeni bila kuwa na shughuli yake wala ardhi yenye jina lake ana haki ya kukataa. Jina lake liingie kwenye hatimiliki pamoja na lako, sheria inaruhusu, na naona mazungumzo yenu yatabadilika sana. Maji hakikisha unajua chanzo ni kipi na jumuiya ya watumia maji inasemaje kuhusu kuunganisha nyumba mpya. Umeme wewe ndo fundi sina la kukufundisha, ila ile bei nafuu ya kuunganishiwa vijijini uliza kama inakuhusu kwa umbali wako na nguzo.

Sasa ningekuwa mimi na hiyo mil 45 ningefanyaje. Ningetenga kwanza za mirathi na za kuwalipa ndugu wanaoachia mafungu, hiyo ndo kazi ya mwanzo. Halafu ningejenga kwenye fungu la mzee nyumba ndogo ya vyumba viwili na sebule, tofali za kuchoma za kulekule, jiwe la kulekule, maana simenti na nondo kila mfuko unaopanda kutoka Mombo unabeba nauli mgongoni na ndo zitakumaliza, dirisha kubwa liangalie jua la asubuhi sio mandhari, kuta zisiote fangasi. Nyumba hiyo nahesabu ni matumizi, kama vile mtu anavyosomesha mtoto, sitegemei irudishe kitu. Zinazobaki, na ningehakikisha zinabaki angalau nusu, zikae kwenye kitu kinachozaa na kinachotoka haraka siku ya ugonjwa, hati fungani za serikali au mifuko ya uwekezaji ya pamoja, au vyumba vya kupangisha hukohuko Dar ulipo na unapoweza kuvisimamia kwa macho. Shambani ningeng'oa kahawa zilizochoka nipande parachichi na kuweka miti ya matunda ya baridi, peasi na plamu, kidogo kidogo, wakati wa kustaafu yawe yanazaa. Ukitaka biashara ya kweli ya ardhi kule, tafuta kipande cha bondeni chenye maji, hata robo ekari, hicho mwanakijiji atakukodi kila msimu na siku ukitaka kuuza wateja ni majirani zako.

Kuna mambo siwezi kukusaidia kwa maandishi. Mgogoro wa mirathi ukianza kunusa, tafuta wakili au msaada wa kisheria Lushoto mjini kabla ya kikao sio baada. Kwa eneo lolote lenye mteremko utakalojenga, mpeleke mhandisi akachimbe mashimo mawili matatu aone kifusi kinaishia wapi na mwamba uko wapi, hela yake ni ndogo ukilinganisha na ufa. Kwa afisa ardhi wa wilaya nenda mwenyewe ukaulize kama eneo linagusa msitu wa hifadhi, kule kwenu hifadhi ziko karibu na vigingi vingine vimemezwa na vichaka. Mtu akianza kulima mpakani mwako anzia baraza la ardhi la kijiji mapema, madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12 na watu wa mjini ndo wanaongoza kushtuka mwaka wa 13.

Na ukienda kukagua, nenda mwezi wa nne. Lala kule wiki nzima, tembea kwenye ule ukingo mvua ikinyesha, angalia maji yanapita wapi, angalia miti kama imepinda chini ya shina na kama kuna nyufa kwenye ardhi upande wa juu, muulize bibi yeyote anayeishi jirani kama pale palishawahi kushuka. Jirani akikuambia kuna mteja mwingine kutoka Arusha anakuja jumamosi na hela mkononi, usimpe hata shilingi ya advansi, mwambie amuuzie.